Binti wa wiki 7, uzito umepunguza kasi tangu wiki ya 4: nianze kurekebisha wapi?

MamaWaWikiSaba

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa wanaoelewa unyonyeshaji na uzito wa watoto wachanga. Binti ana siku 49 leo, amezaliwa kwa njia ya kawaida akiwa ametimiza wiki 39. Kadi yake inasoma hivi:

Kuzaliwa: kilo 3.10
Siku ya 4: kilo 2.88
Siku ya 14: kilo 3.12
Siku ya 28: kilo 3.52
Siku ya 49: kilo 3.90

Ananyonya maziwa yangu tu, mara 7 kwa saa 24. Nampa dakika 10 titi moja, kisha namhamishia la pili. Tangu atimize mwezi analala kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 10 alfajiri bila kuamka. Mchana akilialia mapema nampa chuchu bandia ili afikishe saa tatu kati ya mnyonyo na mnyonyo. Nepi zenye mkojo ni 5 kwa siku, choo mara moja, cha njano. Hana homa, hatapiki, anacheua kidogo tu. Vipimo vya nyuma alipimwa mtupu, lakini cha leo ni mizani nyingine na alikuwa na fulana na nepi. Mimi sijambo, nimeanza vidonge vya majira wiki tatu zilizopita.

Nimeambiwa "anaongezeka, endelea hivyo hivyo". Lakini nikiutazama mstari wake kwenye chati naona umelala. Nyumbani wananiambia maziwa yangu ni mepesi, nimwanzishie maji na vyakula laini. Je, nina haki ya kuwa na wasiwasi? Na nianze na kipi?

Gramu_kwa_Gramu

Mama, wasiwasi wako una msingi. Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha tatizo lilianza lini.

Mtoto mchanga hupoteza uzito siku za mwanzo, na wako alipoteza gramu 220, yaani asilimia 7 hivi. Hiyo ni kawaida. Siku ya 14 alikuwa amerudisha uzito wa kuzaliwa, nayo ni sawa kabisa. Kutoka siku ya 14 hadi ya 28 aliongeza gramu 400 kwa siku 14, karibu gramu 29 kwa siku. Kwa miezi mitatu ya kwanza tunatarajia gramu 25 hadi 30 kwa siku, kwa hiyo hapo alikuwa vizuri. Sasa tazama wiki tatu za mwisho: gramu 380 kwa siku 21, yaani 18 kwa siku. Na hapo ni kama nguo hazikuwa na uzito.

Nguo zina uzito. Nepi kavu na fulana ndogo zinaweza kufika gramu 80 hadi 100, na nepi iliyoloa huongeza nyingine 100 au zaidi. Ukiondoa gramu 100 unabaki na 280 kwa siku 21, ambazo ni gramu 13 kwa siku. Kati ya 18 na 13 kuna tofauti kubwa ya uamuzi, kwa hiyo jambo la kwanza ni kumpima upya, kesho ikiwezekana. Mtupu kabisa, kabla ya kunyonya, kwenye mizani ile ile ya mwanzo inayosoma hadi gramu 10, iliyowekwa juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Hakikisha inasoma sifuri baada ya kuwekewa kitambaa na kabla ya kuwekwa mtoto. Andika namba baada ya mtoto kutulia, si wakati anapiga mateke.

Kuhusu chati: ile inayotumika sehemu nyingi ni ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2006 kutokana na watoto wa nchi sita (Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani) walionyonyeshwa. Kwa msichana wa wiki 7, mstari wa katikati uko karibu kilo 4.8, ule wa −1 (hatua moja chini ya katikati) uko 4.2, na wa −2 (hatua mbili chini) uko 3.7. Wako alizaliwa karibu na katikati, akashuka hadi −1 na kuufuata mpaka wiki ya 4. Sasa yuko kati ya −1 na −2 na anaendelea kushuka. Mtoto anayefuata mstari wa −1 miezi yote ni mtoto mdogo mwenye afya. Anayeuacha mstari wake ana sababu ya kuuacha. Ndiyo maana "anaongezeka" peke yake haitoshi. Swali ni anaongezeka kwa kasi gani.

Akipimwa kesho, omba apimwe pia urefu na mzunguko wa kichwa. Uzito ukibaki nyuma huku hivyo viwili vikienda vizuri, mara nyingi ni maziwa hayamfikii ya kutosha. Vyote vitatu vikididimia, daktari ana kazi ya kutafuta zaidi.

MshauriUnyonyeshaji

Nakubaliana na hesabu hapo juu. Naongeza upande wa titi, kwa sababu kila kitu kilichobadilika kwako kilibadilika baada ya wiki ya 4, na mstari uliinama wakati huo huo. Nimeona vitu vinne kwenye maelezo yako: usiku mrefu, chuchu bandia, saa ya dakika 10, na vidonge.

Nianze na vidonge kwa sababu watu hawavitilii maanani. Soma jina la dawa zilizo ndani ya pakiti, si jina la biashara. Ukiona aina mbili, moja ikiwa estrojeni (mara nyingi huandikwa ethinylestradiol), hivyo ni vidonge vya vichocheo viwili na vinaweza kupunguza maziwa, hasa katika miezi ya mwanzo. Havianzishwi kabla ya wiki 6 tangu kujifungua kwa mama anayenyonyesha, na kwa kawaida hushauriwa asubiri hadi miezi 6. Vya kichocheo kimoja, projestini pekee, havina shida hiyo. Usiviache tu ukakaa bila kinga. Nenda ubadilishiwe njia siku hiyo hiyo.

Usiku. Titi hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotolewa. Maziwa yakikaa yamejaa kwa saa nyingi, mwili hupokea taarifa kwamba yanatosha na kupunguza utengenezaji. Kichocheo cha prolaktini, kinachoamuru titi litengeneze maziwa, pia huwa juu zaidi usiku, kwa hiyo mnyonyo wa saa 8 usiku una faida kuliko unavyoonekana. Mtoto wa wiki 7 anayekua vizuri anaweza kuachwa alale. Anayebaki nyuma hapaswi kukaa bila kunyonya zaidi ya muda wa saa nne wakati wa usiku, wala zaidi ya saa tatu wakati wa mchana. Mwamshe. Mvue nguo za juu, mbadilishe nepi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, msugue nyayo taratibu. Na tafadhali usimhukumu kwa utulivu wake: mtoto anayepata maziwa kidogo huweza kulala sana kwa sababu anabana nguvu, watu wakamsifu kuwa ni mpole.

Chuchu bandia iweke kando kabisa mpaka uzito urudi. Kule kulialia kabla ya saa tatu, kugeuza kichwa na kutafuta, kulamba midomo, kupeleka ngumi mdomoni, ndiko kuomba titi. Kila ukimpa chuchu bandia umefuta mnyonyo mmoja. Mara 7 ni chache. Lenga 8 hadi 12 kwa saa 24.

Dakika 10 kwa saa ya ukutani nayo iache. Hakuna aina mbili za maziwa zilizotenganishwa ndani ya titi. Mafuta huongezeka polepole kadiri titi linavyoisha. Ukimtoa angali anameza, unamkatisha yale yanayoanza kuwa mazito. Mwache amalize mwenyewe la kwanza, aachie au apunguze, kisha umpe la pili kila mara.

Na utajuaje anameza? Tazama kidevu. Mwanzoni ananyonya haraka haraka, kisha maziwa yakishuka kidevu kinashuka chini, kinatulia kidogo, ndipo kinapanda. Pale kinapotulia ndipo mdomo unapojaa, na utasikia sauti ndogo kama "kh" ya kumeza. Mwendo mzuri ni kumeza kila baada ya kunyonya mara moja au mbili. Ikibaki kutetemeka midomo bila kidevu kushuka, hapo anajituliza tu. Wakati huo bonyeza titi: vidole upande mmoja, gumba upande wa pili, mbali na chuchu, kaza na ushikilie anapoendelea kunyonya, legeza anapoacha, sogeza mkono sehemu nyingine. Mara nyingi anaanza kumeza upya.

Mwisho, angalia chuchu inapotoka mdomoni. Ikitoka ya mviringo ni vizuri. Ikitoka imebanwa upande mmoja, kama ncha ya kalamu iliyochongwa mshazari, au ina mstari mweupe, mtoto ameshika chuchu tu. Mkao sahihi ni huu: kichwa, shingo na mwili katika mstari mmoja, tumbo lake likigusa lako, pua ikielekea chuchu. Subiri afungue mdomo kama anayepiga mwayo, kisha umlete yeye kwenye titi haraka, kidevu kikitangulia. Usilipeleke titi kwake. Akishika vizuri, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimezama kwenye titi, na sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mwombe anayekuhudumia atazame pia chini ya ulimi. Kuna watoto wenye utando mfupi unaozuia ulimi kutoka nje ya fizi, na hao hushika kwa shida hata mama afanye nini.

Dada_Lishe

Kuhusu maji na vyakula laini: hapana, dada. Tumbo la mtoto huyu ni dogo, na kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa bila kumpa nguvu yoyote. Akinywa maji ananyonya kidogo, akinyonya kidogo titi linatengeneza kidogo. Vyakula vingine husubiri miezi 6. Na maziwa "mepesi" kwa macho si kipimo cha chochote. Maziwa ya mwanzo wa mnyonyo huonekana hivyo kwa kila mama.

Kinachopimika ni mkojo. Nepi 5 ziko chini kidogo ya 6 tunazotaka baada ya siku ya 5, lakini "nepi" inategemea imeloa kiasi gani. Chukua nepi kavu, mimina vijiko vikubwa 3 vya maji (mililita 45), ishike mkononi uone uzito wake. Hiyo ndiyo nepi iliyoloa kweli. Zikiwa nyepesi kuliko hiyo, usizihesabu. Ukiona madoa ya rangi ya matofali kwenye nepi katika umri huu, ni dalili hapati ya kutosha.

Choo mara moja kwa siku baada ya wiki 6 hakinitishi.

Mkunga_wa_Zamu

Kabla hamjafika mbali na mbinu za titi, mama atuhakikishie mambo haya. Uzito unaposimama, mara nyingi chanzo ni maziwa, lakini si kila mara.

Je, akinyonya anatoka jasho kwenye paji la uso, anakatisha ili apumue, midomo inabadilika kuwa bluu, au mnyonyo unapita dakika 40 kila mara kwa sababu amechoka? Hapo daktari asikilize moyo. Hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa. 60 au zaidi, rudia kuhesabu, na zikibaki hivyo mpeleke hospitali siku hiyo. Je, kucheua kumegeuka kutapika kwa nguvu, maziwa yakiruka mbali, kisha anataka kunyonya tena papo hapo? Hiyo huanza mara nyingi kati ya wiki ya 3 na ya 6, na inaweza kuwa njia ya kutokea tumboni imekaza. Je, macho yana manjano mpaka sasa, au choo ni cheupe kama chaki? Hilo halisubiri wiki ijayo. Umesema choo ni cha njano, vizuri. Damu au makamasi kwenye choo yatajwe pia.

Mwombe daktari apime mkojo wa mtoto. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa mtoto mdogo huweza kujificha, dalili pekee ikawa uzito usiopanda.

Na yapo ya kukimbia nayo usiku huo huo: mtoto hataki kunyonya kabisa, amelegea hawezi kuamka vizuri, joto la mwili limefika 37.5 au kuzidi, au limeshuka chini ya 35.5, degedege, kifua kinabonyea ndani anapopumua, utosi umedidimia.

Mama naye: kama bado unatoka damu nyingi au mabonge, useme. Kipande cha kondo kilichobaki ndani huzuia maziwa kujaa. Kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua na tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri pia hupunguza maziwa.

MamaWaWikiSaba

Asanteni sana, nimefuata moja moja. Nimempima leo siku ya 50, mtupu, mizani ya zamani: kilo 3.82. Urefu na kichwa vinafuata mistari yake. Pumzi 44, hatoki jasho, hatapiki kwa kuruka, macho meupe. Sina damu. Pakiti ya vidonge inaonyesha dawa mbili, na moja ni ethinylestradiol. Titi la kulia chuchu inatoka ya mviringo, la kushoto inatoka imechongwa kama mlivyosema. Kesho nabadilishiwa njia na mtoto anaonwa na daktari. Je, nimuongezee maziwa ya kopo kwanza au nikamue?

MshauriUnyonyeshaji

Kilo 3.82 inamaanisha gramu 300 kwa siku 22, karibu 14 kwa siku. Umefanya vema kumpima.

Kamua kwanza, na cha kuongeza kiwe hicho ulichokamua. Baada ya minyonyo 5 au 6 ya mchana, kamua dakika 10 hadi 15 kwa mkono. Nawa kwa sabuni, tumia chombo chenye mdomo mpana kilichochemshwa. Weka gumba juu na kidole cha shahada chini, sentimita 3 hadi 4 nyuma ya chuchu. Sukuma kwanza nyuma kuelekea kifua, ndipo ubane gumba na kidole pamoja, legeza, rudia. Usiteleze juu ya ngozi wala usivute chuchu. Ikiuma, mkono umekaa vibaya. Mara chache za mwanzo hakitoki kitu, kisha matone, kisha mchirizi. Mchirizi ukipungua zungusha vidole sehemu nyingine ya titi, halafu hamia la pili na urudi. Yakikaa nje ya friji yatumike ndani ya saa 4.

Mpe kwa kikombe kidogo, si chupa, kwa sababu upande wa kushoto bado anajifunza kushika. Mkalishe wima kidogo, kikombe kiguse mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike ukingoni, kisha ngoja alambe mwenyewe. Ukimimina atapaliwa.

Kwa upande wa kushoto, jaribu kumshika chini ya kwapa, miguu ikielekea nyuma yako. Watoto wengi wanaoshika vibaya upande mmoja hushika vizuri kwa mkao huo.

Dada_Lishe

Naongeza kuhusu kopo, endapo daktari atasema liongezwe, na akisema hivyo ukubali, kwa kuwa mtoto mwenye nguvu hunyonya vizuri zaidi. Mahitaji yote ya siku ni kama mililita 150 kwa kila kilo. Kwa kilo 3.82 ni karibu 570, yaani 57 hivi kwa kila mnyonyo akilishwa mara 10. Cha kuongeza ni sehemu ya hizo tu, daktari akupangie kiasi, na kipewe baada ya titi.

Makosa yanayorudisha uzito nyuma hutokea kwenye kuchanganya. Maji yawe yamechemka na yasishuke chini ya nyuzi 70, yapimwe kwanza, ndipo unga uingie. Tumia kijiko cha kopo hilo hilo, kijazwe na kusawazishwa kwa kisu bila kushindiliwa. Kopo nyingi huandika kijiko 1 kwa mililita 30, lakini soma la kwako. Ukizidisha maji ili kopo lidumu, mtoto anashiba maji huku akikonda, na chumvi ya damu inaweza kushuka hadi akapata degedege. Ukizidisha unga unampa mzigo wa figo na kiu. Poza kikombe kwenye maji baridi, onja joto kwa tone kwenye kifundo cha mkono. Yaliyobaki baada ya saa 2 mwaga.

Gramu_kwa_Gramu

Mpime tena siku ya 57, mtupu, mizani ile ile, usimpime kila siku. Mkojo mmoja na mnyonyo mmoja vinatosha kupotosha namba ya siku. Kwa gramu 25 kwa siku anapaswa kuwa na angalau kilo 4.00 (175 juu ya 3.82 ni 3.995). Akifika hapo endelea hivyo hivyo, na upunguze kukamua polepole, mara moja kila siku mbili tatu, huku ukimpima kila wiki. Akiwa chini ya 3.96, hiyo ni pungufu ya gramu 20 kwa siku, rudi kwa daktari siku hiyo na umwonyeshe namba zote pamoja na tarehe ulizobadilisha vidonge, usiku na chuchu bandia. Akipungua chini ya 3.82, usisubiri miadi.